Sahani Kipofu za Yaya Feza

Yaya Feza wangu,

Salamu sijui nizitume wapi. Ndiyo maana barua hii sikuifunga. Aisome atakayeisoma, huenda mmoja wao alikuona mahali. Sisi huku Mikelenge, Kindu, tupo. Mvua zimeanza, Lualaba imejaa, na treni inafika siku inayojisikia.

Mwezi uliopita Baba Mdogo alikuja nyumbani. Akakaa kwenye kivuli cha jiko akipangusa jasho, akaongea habari za mihogo, akaongea habari za goti lake, nikajua ana lingine. Mwishowe akalitoa.

"Mwana yangu, utupatie sahani moja ya Feza. Moja tu. Tuizike, tumalize kilio."

Nilitaka kumfukuza. Nikampa chai, kwa sababu ni Baba Mdogo, na kwa sababu nilihitaji kazi ya mikono.

Desturi yenyewe unaijua. Mtu akipotea na mwili usionekane, ukoo huchukua kitu alichokitengeneza au alichokitumia, wakakizika mahali pake, wakalia, wakala, basi jina lake linahamia upande wa marehemu. Mshonaji huzikiwa mkasi wake. Kwako walitaka sahani, na sahani zako zote zinazojulikana ziko kwangu, kwenye rafu ile ya mbao ndani ya chumba cha Mama. Kwa hiyo walikuwa wananiomba mimi ruhusa ya kukuzika. Mimi! Uliyenibeba mgongoni mpaka wasichana wenzako wakakucheka kwamba umezaa mapema. Siku moja mchuuzi aliyetoka pwani alinisikia nikikutaja, akacheka, akasema kwao yaya ni mtumishi wa kulea watoto. Nikamwambia hakukosea sana, maana dada yangu mkubwa ndiye aliyenilea.

Acha nikukumbushe zile sahani, Yaya, kabla sijakueleza walichofanya. Wewe mwenyewe labda umezisahau. Mimi nimezishika sana hata naweza kuzitambua gizani.

Unakumbuka Mama alivyotuamsha kwenda kuchimba udongo kule kwenye kijito, kabla jua halijapanda? Wewe ulibeba kikapu kikubwa, mimi nikabeba kidogo na bado nikalalamika. Nyumbani tuliutwanga, tukauchanganya na unga wa vyungu vilivyovunjika, Mama akausukuma ndani ya nusu ya kibuyu mpaka ukashika umbo la sahani. Kisha akaenda kwenye bustani yake, akachuma jani. Leo la sombe, jani la muhogo, kesho la matembele, keshokutwa la mpapai wa jirani bila kuomba. Akalilaza ndani ya udongo mbichi, akalikandamiza kwa lile jiwe lake laini, akaliacha humo humo liungue motoni. Sahani ikitoka, jani halipo, lakini mishipa yake yote ipo, mpaka ile midogo ya pembeni. Alizinyunyizia maji ya magome zikiwa bado za moto, zikapiga kelele, zikawa na rangi ya kahawa. Watu wa reli walizinunua, masista walizinunua, wake za wakubwa walizipanga mezani siku za wageni. Mama akasema mtu akimaliza mboga yake lazima aikute tena chini ya sahani, ili asimlaumu mpishi kwamba ilikuwa kidogo.

Na wewe ukawa unaharibu. Yaani ulikuwa na mikono mizuri kuliko yake, sahani zako zilikuwa nyembamba na za duara kamili, lakini jani ulililaza kinyume. Mishipa ya jani inatokeza mgongoni, kila mtoto wa mfinyanzi anajua, kwa hiyo mgongo ndio unaolazwa kwenye udongo. Wewe ulilaza tumbo. Alama yako ikatoka hafifu, umbo tu la jani lisilo na mishipa, ukipitisha kidole ni laini tupu.

"Mugongo, Feza, mugongo!" Mama alipiga kelele mpaka ng'ambo ya barabara. "Juu ya nini unafanya vile? Tumbo ya jani haina kitu!"

"Lakini Mama, tumbo njo inaangaliaka jua," ukamjibu.

Mama akakutupia donge la udongo, likakupata shavuni, tukacheka sote watatu. Wateja walizikataa zako. Wakaziita sahani kipofu, kwa sababu jani lake halina macho ya kumtazama mlaji. Mama akaziweka za kulia sisi nyumbani. Kwa hiyo wake za wakubwa walikula kwenye mishipa, sisi tukala kwenye kipofu, na wewe hukubadilika hata kidogo. Ukaidi wako, Yaya. Sasa hivi ndio unaonilisha, kwa sababu bila ukaidi huo nisingejua ni ipi ya Mama na ipi ya mkono wako.

Halafu vita. Mama alikufa mwanzoni, kwa homa ambayo siku nyingine ingetibiwa kwa vidonge vya kawaida. Askari waliingia nyumbani wakabeba sahani zake, sijui walifikiri watakula nini humo. Zako waliziacha. Hata wezi hawakuzitaka, ukasema, na ukacheka kicheko kibaya ambacho sikuwahi kukisikia kwako.

Mji ulizungukwa. Mashamba yalikuwa pale, tunayajua, muhogo wetu wenyewe umekomaa, lakini aliyetoka kwenda kuung'oa hakurudi. Ndani ya mji watu walimaliza matembele, wakamaliza majani ya maboga, wakaanza majani ambayo hata mbuzi huyapita. Mwanao Riziki alikuwa ndio kwanza anajifunza kutembea. Kuna jioni moja ulimchemshia maji, ukamwekea kwenye sahani kipofu ili aone anakula. Akayanywa. Kisha akaliona lile jani chini, akaanza kulikwangua kwa kucha. Akakwangua, akakwangua, akalia, akakwangua tena. Alidhani ni mboga imegandia. Ukamnyang'anya ile sahani, ukaenda nyuma ya nyumba, nikakusikia unatapika wakati tumboni hamkuwa na kitu.

Kesho yake ulipanga sahani zako kwenye kikapu, ukatia majani makavu ya migomba katikati zisigongane. Watu walisema njia ya ng'ambo ya mto imefunguka kidogo, kwamba vijiji vya upande wa Pangi bado vina muhogo na havina vyombo. Nilikushika nguo. Nilikuambia tutakufa pamoja hapa, ni afadhali. Ukanitazama kama vile nimekutukana.

"Sitakawia," ukasema. "Uangalie mutoto. Asilale na njaa, umupe hata maji ya moto."

Nilikusindikiza mpaka mtoni. Ulikaa katikati ya mtumbwi, kikapu mapajani, na mpiga kasia akakugombeza kwamba mzigo wako ni mzito. Ulishuka Alunguli, ng'ambo. Nikaona kitambaa chako cha kichwa kikipanda ule mwinuko katikati ya wanawake wengine, kisha nikakikosa.

Riziki nilimpa maji ya moto, Yaya. Nilimpa. Alipona kwa namna ambayo mpaka leo siielewi.

Vita vilipotulia nilikuulizia kwa kila mtu. Hakuna aliyejua. Halafu siku moja, sokoni Alunguli, mama mmoja alikuwa anapimia maharagwe kwa sahani. Nikaona duara lake. Nikaomba niishike, nikapitisha kidole ndani, laini. Nilikaa chini pale pale kwenye matope. Yule mama akadhani nimeshikwa na kifafa.

"Ulitoa wapi?"

"Kulipitaka dada mumoja wakati ya vita. Nilimupatia muhogo, akanipatia hii. Lakini haina kazi, jani yake haionekane."

Nilimwachia bakuli jipya la plastiki, akafurahi kuliko mimi. Basi ndivyo nilivyoanza. Mahali pana sahani kipofu, mahali hapo ulipita ukiwa hai. Za Mama nilizikusanya pia, zilizosambaa hapa mjini, kwenye nyumba za watu wasiojua walizipata wapi, lakini zile zilikuwa za kumkumbuka. Zako zilikuwa njia. Nilipanda pikipiki za watu, nilitembea, nililala kwenye nyumba za makanisa. Niligonga milango nikiwa na sufuria mpya begani, nikiomba wanionyeshe vyombo vya zamani. Wananiita Mama Masahani. Watoto wananikimbilia na vigae wakidai niwape pipi badala yake. Vigae navyo nachukua.

Vilinipeleka mpaka Pangi, Yaya. Pale kuna mzee aliyekuwa ananyweshea kuku kwenye jani lako la matembele. Kisha nikasikia kuna nyingine mahali panapoitwa Kama, kwa wachimba dhahabu. Kule kuna mama mwenye malewa, kibanda cha kuuzia wachimbaji chakula, na kwake niliikuta ya sombe, imemeguka ukingo. Nilimuuliza. Alikuwa anakatakata vitunguu na hakuinua macho.

"Askari walipitaka na watu, wamewafunga kamba. Mumoja wao njo aliacha ile pale. Alikuwa anakohoa sana."

"Waliwapeleka wapi?"

"Dada, miye sikuuliza. Wakati ile watu hawakuuliza."

Baada ya Kama hakuna kitu. Nimefika vijiji vya mbele, nimezunguka mashimo, nimeuliza mpaka sauti ikakauka. Hakuna hata kigae. Ama sahani zilikwisha kikapuni ama wewe ulikwisha, na kila nikilala mawazo hayo mawili yananivuta huku na huku. Kwa miaka yote hii nimechagua kuamini kwamba ni sahani zilikwisha. Uliziuza zote, basi, ukaendelea kutembea mikono mitupu. Kwa nini isiwezekane? Watu wamerudi kutoka mbali kuliko Kama.

Riziki yeye hakuchagua hivyo. Siku hizi ni mtu mzima, anafundisha shule ya msingi, ana mtoto wake wa kike mwenye meno yako. Tuligombana sana jioni ile Baba Mdogo alipoondoka, kwa sababu niligundua kwamba si yeye aliyeanza. Riziki ndiye aliyemtuma.

"Mama mudogo, nimechoka," akaniambia. "Watu wananiuliza mama yako iko wapi, niseme nini? Wamama ya wengine wamekufa, wanajua pa kulilia. Wewe uko unakusanya sahani. Miye nakusanya nini?"

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda. Yaya, ni mtoto wako, nimemlea kwa maji ya moto, na alikuwa ananiomba nikuue. Hivyo ndivyo nilivyosikia mimi. Najua hakusema hivyo.

Jumamosi iliyofuata walikuja wote, bila kungoja jibu langu. Wajomba kutoka Kibombo, wakwe, majirani, Katekista akiwa amenuna kidogo kwa sababu ya habari za kuzika vyombo, lakini alikuja. Shimo dogo lilikuwa limechimbwa nyuma ya nyumba, karibu na Mama. Baba Mdogo akanyoosha mikono miwili. Nikaingia chumbani. Kwenye rafu kulikuwa na majani ya sombe mawili, yanafanana kwa umbo: moja la kutoka Kama, lako, na moja la Mama, nililolipata kwa mke wa mstaafu wa reli. Nikachukua la Mama.

Mama tayari amekufa, nilijiambia. Hatachukia kuzikwa tena kidogo. Wao walie, washibe, waende, na wewe utakuwa bado uko njiani. Nikampa Baba Mdogo ile sahani, akaigeuza geuza, akasema, "Njo hii, kazi ya Feza, mikono ilikuwa mizuri." Wajomba wakaitikia. Hakuna aliyejua.

Desturi inataka mtoto ndiye aweke. Baba Mdogo akampa Riziki ile sahani. Riziki akapiga magoti penye shimo, akailaza mapajani. Akapitisha kidole ndani yake.

Akasimama. Hakunitazama. Akaingia ndani ya nyumba na ile sahani, watu wakaanza kunong'ona, tukasikia vyombo vinagongana kwenye rafu. Alipotoka alikuwa na mbili. Moja akaniwekea mapajani, taratibu, asije akaivunja.

"Mama mudogo, hii iko ya Koko, mama yenu," akasema, kwa sauti ambayo mimi tu niliisikia. "Koko tulishamulilia. Miye nalilia mama yangu."

Akarudi penye shimo na ile ya Kama. Akailaza, tumbo juu. Kisha akalia, Yaya. Sijawahi kumsikia analia hivyo tangu ile siku ya kukwangua. Alilia kwa miaka yote. Wanawake walimshika mabega, wakaanza wimbo, na mimi nilikaa na Mama mapajani, macho makavu, nikiangalia udongo unaingia.

Ningemzuia. Nilikuwa karibu naye, mkono ungefika. Lakini ningemwambia nini? Yeye amelia akapumua. Tangu siku hiyo anakuja kila jioni, ananiletea samaki, anacheka, mtoto wake anatambaa sakafuni. Amenisamehe. Mimi ndiye ambaye sijui nimsamehe vipi, na nampenda, na nikimwona nataka kumuuliza: sasa mimi nimngoje mama yako na nani? Mwanzo tulikuwa wawili. Hata alipokuwa amechoka, hata alipokuwa haamini, alikuwa hajasema. Sasa amesema, na ukoo umesema, na hakuna mtu mwingine hapa Kindu anayeinua kichwa mlango ukigongwa.

Naogopa, Yaya. Naogopa kwamba ulikufa kule mbele ya Kama siku ile ile, unakohoa, umefungwa kamba, na mimi nimezunguka na masufuria mapya miaka yote hii kwa ajili ya mifupa. Na naogopa zaidi kwamba hukufa. Kwamba uko mahali, mzee sasa, unasema moyoni, mdogo wangu hawezi kunisahau, na huku mimi nimewaacha wakuweke shimoni.

Kama uko hai, rudi. Watakukimbia, watasema ni mzimu, Katekista atakurushia maji. Usijali. Mimi nitafungua. Kama hauko, nijulishe wewe mwenyewe kwa njia yoyote mnayojua huko, kwa sababu kwa mdomo wa wengine siwezi kulipokea neno hilo.

Jumapili iliyofuata maziko nilikwenda kanisani, Riziki pembeni yangu. Katekista alisoma majina ya marehemu wa wiki, taratibu, kila jina na ukoo wake. Alipofika kwako alisema jina lako lote, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe, kwa nguvu, kama tulivyokuwa tukiitika majina shuleni.

"Iko!"

Kanisa zima likageuka. Riziki akanishika mkono, akanivuta nikae. Sikukaa.

Mimi, mdogo wako